Nyumba ya Shangazi Bado Ina Mwenyewe

Siku ile futi ilipopita juu ya mkeka wa shangazi, nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Sinza, chini ya mwembe wake. Alikuwa amekaa na ungo mapajani, anachambua mchele wa mchana. Mwanawe mkubwa, binamu yangu, aliingia na fundi pamoja na kijana mmoja dalali. Shikamoo mama, marahaba, na hawakukaa. Kijana akabana ncha ya futi ukutani kwa kidole gumba, fundi akaivuta kuelekea getini, na ule utepe wa njano ukakatiza mkeka. Shangazi akainua mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu anayepisha maji ya mvua.

"Fremu nne za maduka zinaingia hapa bila wasiwasi," fundi akasema.

Shangazi hakuacha kuchambua. "Mnapima kaburi langu?"

Fundi akaangalia chini. Binamu akasema, mama naye, sisi tunakuangalizia maisha. Mimi nikaona aibu, maana hata mimi kabla ya siku ile nilikuwa nikiiwaza nyumba ile kama mali ya siku zijazo. Sisi watoto na wajukuu tukiongea huwa tunasema "nyumba ya Sinza". Hatusemi nyumba ya shangazi.

Jioni wageni walipoondoka alinishika mkono, akaniingiza chumbani, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na bahasha ya kaki iliyoviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu: hati ya kiwanja, risiti za kodi ya ardhi, na kitabu cha marejesho cha Benki ya Nyumba ambacho kurasa zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Wewe ni mhasibu," akaniambia. "Nipigie hesabu. Nikiila nyumba yangu mwenyewe, nitakuwa nimemdhulumu nani?"

Wazo lilikuwa limemfikia kwa simu. Binti yake yuko Portland, katika jimbo la Maine kule Marekani, anafanya kazi ya kulea wazee majumbani. Portland ni mji wa bandari wa siku nyingi, wenye maghala ya matofali na boti za uvuvi, na binti huwa anasema upepo wake wa baharini unamkumbusha Kigamboni, isipokuwa unauma. Bibi anayemlea ana nyumba ya mbao ya ghorofa moja, hana mshahara, watoto wako mbali, na bado anamlipa mlezi, anakula vizuri na anawasha hita msimu mzima wa baridi. Binti alipouliza fedha zinatoka wapi, bibi akagonga ukuta kwa ufito wake wa kutembelea. Zinatoka humu.

Bibi alikuwa amekopa benki kwa dhamana ya nyumba ile, na mkopo huo ukiuleta kwenye Kiswahili, jina linalouelekea ni rehani ya kinyume. Rehani tunayoijua sisi, benki inakupa fedha, unailipa kila mwezi, na deni linapungua mpaka nyumba inakuwa yako. Hii inakwenda upande wa pili. Nyumba tayari ni yako. Benki inakupa fedha, kwa mkupuo au kidogo kidogo kila mwezi, nawe hulipi marejesho yoyote ukiwa hai na unaishi humo. Riba inarundikwa juu ya deni, na deni linakua mwezi hadi mwezi. Ukifa, au ukiuza, au ukihama moja kwa moja, ndipo deni linadaiwa, na kwa kawaida nyumba ndiyo inayouzwa kulilipa. Kikibaki kitu, ni cha warithi.

Nilipoanza kusoma habari zake nilikuta jambo lililomfurahisha sana shangazi: mkopo wa kwanza wa namna hiyo unaotajwa katika historia ya Marekani ulitolewa Portland hiyo hiyo, mwaka 1961. Taasisi ndogo ya akiba iliyoitwa Deering, kupitia ofisa wake Nelson Haynes, ilimpa mama mmoja, Nellie Young, mjane wa kocha wa mpira wa shule aliyokuwa amesoma Haynes. Yaani ulianza kama jambo la kumsitiri mjane wa mwalimu asihame nyumba yake. Shangazi alinirudisha hapo mara mbili. "Kwa hiyo alikuwa mwanafunzi wa mumewe," akasema. "Alikuwa mtoto wa watu, si kampuni."

Baadaye jambo likakua. Sheria aliyoisaini Rais Ronald Reagan mwezi Februari 1988 iliufanya mkopo huo kuwa mpango wenye bima ya serikali. Mkopaji lazima awe na miaka 62 au zaidi. Lazima kwanza akae na mshauri aliyeidhinishwa, ambaye si mtu wa benki, amweleze anachokisaini. Deni likizidi thamani ya nyumba, benki haiwezi kuwafuata watoto mishahara yao. Bima ndiyo inabeba pengo. Na benki ikianguka, mzee anaendelea kulipwa. Kwa upande wake mzee lazima alipe kodi ya jengo na bima ya nyumba, na aitunze. Wapo waliopoteza nyumba kwa kushindwa kodi tu. Wapo wajane ambao majina yao hayakuwa kwenye mkataba, mume akafa, wakaambiwa watoke, mpaka kanuni zikarekebishwa mwaka 2014.

Nataka nieleze shangazi ni nani, maana bila hilo mtu ataona ni bibi mmoja tu anayetaka kuuza nyumba.

Alizaliwa mwaka 1947, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Ni mwaka ambao makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukapanda na reli hadi miji mingine ya Tanganyika, na babu yangu alikuwa kuli. Mji huu Sultani Majid aliuanzisha miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima kwa ajili ya bandari, na nyumba nyingi za wazee wetu ni bandari iliyogeuzwa kuwa udongo na bati. Babu alijenga Kariakoo, mahali palipopewa jina na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha Vita vya Kwanza. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa: vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, na baraza ambayo babu alikaa jioni akisalimiwa na mtaa mzima.

Babu alipofariki, mirathi ikapita, nyumba ikauzwa ili kila mtu apate chake. Shangazi alikuwa mmoja wa warithi tisa. Fungu lake lilinunua cherehani, magodoro mawili na nauli ya kwenda Tanga kumpa mkono wa pole dada yake. Leo pale pamesimama ghorofa, chini maduka ya vitenge. Nikipita na shangazi huwa haangalii.

Lakini kabla ya hapo alikuwa amekwisha jipanga. Miaka ya 1970 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na maji, watu wa kipato cha kawaida wakagawiwa. Shangazi alikuwa muuguzi, ameachika, ana watoto watatu. Akapata kiwanja, akakopa Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973. Alinionyesha kitabu cha marejesho ukurasa kwa ukurasa. Kila mwezi kuna mhuri. Miezi miwili tu haina, na aliikumbuka yote miwili: mmoja mtoto alilazwa kwa surua, mwingine alipeleka fedha kwenye msiba. Akalipa mara mbili mwezi uliofuata. Benki ile ilifilisika mwaka 1995. Nyumba ipo, imepakwa chokaa mwaka juzi.

Hilo la benki kufa kabla ya nyumba nilikaa nalo siku kadhaa. Mtu akikuahidi atakulipa kila mwezi mpaka ufe, swali la kwanza ni kama yeye mwenyewe atakuwepo.

Kwa nini mtu mwenye nyumba Sinza awe na shida ya fedha? Wengi wanaouliza hivyo bado ni vijana. Angalia jinsi tunavyostaafu. Mtu anafika miaka 60 nyumba iko kwenye linta au imepauliwa bila madirisha. Mkupuo wake wa pensheni, ule ambao watu wamegombana juu ya kikokotoo chake tangu 2018, ukawekwa asilimia 33 mwaka 2022 na baadaye kupandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, unaingia mkononi na kwenda moja kwa moja kwenye madirisha, milango, vigae na ukuta wa kuzuia wezi. Nafanya kazi duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Nawaona kaunta wastaafu wapya, wana daftari la vipimo walilolitunza miaka kumi. Ananunua vigae vya sebule nzima, analipa taslimu, anapeana mkono na kila mtu. Baada ya miaka miwili anarudi kuuliza kama tunanunua mabaki ya vigae. Nyumba imekwisha na fedha zimekwisha. Maisha yake yote yamekuwa ukuta, na ukuta haupikwi.

Pensheni ya shangazi inalipia umeme, maji na dawa za presha, na hapo inakoma. Goti la kushoto halikunjiki. Anahitaji binti wa kazi wa kudumu, choo cha kukaa badala ya kile cha kuchuchumaa, na nauli ya bajaji kwenda kliniki. Watoto wanatuma. Tatizo la kutumiwa ni kwamba lazima kwanza uombe, na kila anayekutumia anapata kauli kidogo katika nyumba yako. Huyo aliyekuja na futi ndiye anayetuma zaidi.

Basi nikapiga hesabu kama alivyoniagiza. Alitaka shilingi 300,000 kila mwezi. Nikaweka riba ya asilimia 15, ambayo kwa mikopo ya nyumba hapa kwetu si ya juu. Benki nyingi zimekuwa kati ya 15 na 19. Nikaacha gharama nyingine zote.

Baada ya miaka kumi shangazi atakuwa amepokea jumla ya milioni 36. Deni litakuwa zaidi ya milioni 82. Baada ya miaka kumi na tano atakuwa amepokea milioni 54, na deni litakuwa milioni 200. Akijaliwa kufika miaka ishirini, amepokea milioni 72, na deni ni karibu milioni 449. Kwa riba ya asilimia 6, ile milioni 54 ya miaka kumi na tano ingezaa deni la milioni 87 tu. Maneno ya mkataba ni yale yale, mzee ni yule yule, nyumba ni ile ile. Riba ya asilimia 6 ni mvuke, ya kwetu ni moto wa kuni. Kwa asilimia 15 deni linajizidisha mara mbili kila baada ya miaka mitano hivi, na fedha anayopewa bibi mwezi wa kwanza ndiyo inayokula nyumba kwa muda mrefu kuliko zote.

Nilimwonyesha kwenye karatasi, mistari mitatu. Akavaa miwani, akaiangalia muda mrefu.

"Huyu anayekula hapa si mimi," akasema.

Dalali alikuwa amemtajia milioni 250 kwa nyumba. Bei za Sinza zimepanda na huenda zitaendelea kupanda, kwa hiyo hesabu yangu si hukumu ya mwisho. Lakini hakuna benki itakayokubali kukaa miaka ishirini ikingoja nyumba moja, bila mtu wa kubeba pengo pale deni linapoipita nyumba. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bima ya serikali ndiyo moyo wa kitu chenyewe. Bila hiyo, kinachobaki ni mtu mwenye fedha anayengoja mtu mwingine afe, na anayengoja atataka asingoje sana.

Wafaransa wana utaratibu wao wa zamani ambao hauna riba kabisa. Unamuuzia mtu nyumba yako, anakupa kitangulizi, kisha kila mwezi anakulipa kiasi mlichokubaliana mpaka ufe, nawe unaendelea kukaa humo. Mwaka 1965, katika mji wa Arles, wakili mmoja aitwaye André-François Raffray alikubaliana hivyo na bibi wa miaka 90, Jeanne Calment, kwa faranga 2,500 kwa mwezi. Wakili akafa mwaka 1995, bado analipa. Mjane wake akaendelea kulipa. Bibi Calment alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, mtu aliyeishi miaka mingi kuliko wote wanaojulikana kwa kumbukumbu zilizothibitishwa.

Nilidhani hadithi hiyo itamfurahisha shangazi. Haikumfurahisha. "Miaka thelathini," akasema, "kuna nyumba ambayo kila asubuhi watu wake wanaamka wanauliza kama huyu bibi bado yupo. Mimi siwezi kulala na jicho la mtu namna hiyo." Wapwani wenzangu wataelewa. Kumhesabia mtu siku zake ni neno zito, na kulipwa ili uhesabiwe ni zito zaidi.

Na kulikuwa na suala la dini, ambalo kwake halikuwa suala dogo. Alimuuliza shekhe wa msikiti wake baada ya darsa la akina mama. Jibu lilikuwa fupi: mkopo wa riba usiukaribie, mali yako ukiwa na akili timamu una haki ya kuiuza na kuitumia, wala watoto hawana fungu katika mali ya mtu aliye hai, na ukitaka kuacha wasia, usizidi theluthi. Hilo la kati ndilo alilorudi nalo nyumbani. Alilisema mbele ya mwanawe, akiwa anamimina chai, bila kupandisha sauti. Watoto hawana fungu katika mali ya mtu aliye hai.

Naliandika hapa kwa kuwa naona ndilo jambo tunalolikosea zaidi katika mji huu. Mzee bado anapumua, sisi tumekwisha kugawa. Mmoja ameahidiwa chumba cha uani, mwingine anajua hati iko wapi, wa tatu amekwisha kuwaambia wakwe zake kwamba ana kiwanja Sinza. Mzee akikata mwembe wake mwenyewe anaitiwa kikao. Halafu tunashangaa anapouliza habari za mikopo kwa watu wa nje. Nyumba aliijenga kwa zamu za usiku wodini. Akitaka kuibadilisha kuwa choo cha kukaa na uji wa lishe, ameitumia nyumba kwa kazi ile ile aliyoijengea: kumsitiri.

Wazee wenyewe wana woga wao, na hawakuuokota njiani. Waliokuwa watu wazima mwaka 1971 wanakumbuka majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 yakitaifishwa na kupelekwa kwa Msajili wa Majumba. Na mtaa wa pili kutoka kwa shangazi kuna mzee aliyeweka nyumba rehani kwa siri ili mwanawe apate mtaji, kwa wakopeshaji wa ile mikopo tunayoiita kausha damu. Mkewe alijua siku walipokuja kupiga picha ukuta. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zote zinataka ridhaa ya mwenza nyumba ya familia inapowekwa rehani, na ridhaa hiyo ilikuwepo kwenye faili, ina sahihi. Mama yule hajui kusoma wala kuandika. Walipata wakili, mnada ukasimamishwa, lakini miezi ile yule mama alikuwa analala sebuleni, mlangoni, juu ya kirago. Nilimwona kwa macho yangu. Kwa hiyo mtu asiniambie wazee ni wagumu kuelewa.

Hata kama benki moja ya hapa ingejitokeza kesho, shangazi asingepata. Nilipoisoma hati yake vizuri nikakuta ni ya miaka 33, imeanza 1978. Ilikwisha muda 2011. Hakuna aliyeona, maana hakuna aliyewahi kuifungua. Tulikuwa tunajua ipo, basi. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, sisi tunamiliki haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa, na ikiisha unaomba upya. Tukaanza na hilo. Kodi ya ardhi ilikuwa na malimbikizo, ikalipwa. Picha ndogo, kitambulisho cha taifa, barua ya serikali ya mtaa, kurudi Jumatatu, kurudi Alhamisi. Nilichukua likizo siku nne. Kama una mzazi mwenye hati sandukuni, nakuomba uifungue wiki hii mkiwa naye, usome tarehe.

Wakati tunasubiri, shangazi alikuwa ameshapata njia yake, na haikutoka kwangu wala Portland. Alimwita yule fundi mwenyewe, peke yake, siku ya kazi. Akamuuliza fremu moja inagharimu kiasi gani, moja tu, upande wa geti, isiyogusa mwembe. Kisha akamtafuta mwenye duka la dawa aliyekuwa anahangaika na mwenye nyumba wake barabara ya pili. Wakakubaliana kama watu wa Dar es Salaam wanavyokubaliana kila siku: mpangaji atajenga fremu kwa fedha zake, milioni 9, na gharama itakatwa kwenye kodi. Kodi ni 250,000 kwa mwezi. Nusu inakatwa, nusu anapewa shangazi mkononi. Miezi 72, miaka sita, ndipo fremu inakuwa yake bila deni na kodi yote inakuwa yake.

Nilikaa na mkataba ule usiku mmoja mzima nikijaribu kuona tofauti. Mtu anatanguliza fedha kwa dhamana ya nyumba yako. Hulipi marejesho kutoka mfukoni. Anajirudishia kwa kutumia sehemu ya nyumba. Lakini deni hili linapungua badala ya kukua, anayedai anataka mwenye nyumba awe mzima ili biashara itulie, na hakuna anayengoja msiba. Shangazi akifa kabla ya miaka sita, warithi wanaendelea na mpangaji. Nilichofanya mimi ni kuyaandika hayo yote wazi, wakili akagonga mhuri, mwenyekiti wa mtaa akashuhudia, na kipengele cha kwanza kikasema mwenye nyumba atakaa katika nyumba yake maisha yake yote na hakuna mkataba utakaomwondoa.

Fedha hiyo haimtoshi. Ni 125,000, alitaka 300,000. Chumba cha uani amempangisha mwalimu wa kike kwa kodi ya miezi sita sita, na hapo pengo limezidi kuzibika, ila halijaziba. Ndiyo maana bado nasema rehani ya kinyume ingefaa kuja nchini, na nasema kwa moyo wote. Tuna Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya 2008, tuna kampuni ya TMRC iliyoanzishwa 2010 kuzipa benki fedha za muda mrefu, tuna mifuko ya pensheni yenye fedha zinazotafuta pa kukaa miaka ishirini. Lakini isije kwa asilimia 15. Isije bila mtu wa kubeba pengo. Isije bila namna ya mkataba isiyo na riba, maana nusu ya wazee wa mji huu hawataigusa. Na isije na ile kanuni ya Marekani kwamba mzee akikaa nje ya nyumba zaidi ya miezi kumi na miwili mfululizo kwa ugonjwa, deni linaiva. Wazee wetu wakiugua hawaendi kwenye nyumba za kulelea. Wanapelekwa Mwanza kwa mtoto, au Rufiji kwa ndugu, wanakaa mwaka na nusu, wanarudi. Mwaka ule hawajahama. Nguo zao ziko kabatini.

Binamu yangu na mama yake hawakuongea wiki tatu. Siku ya kumwaga zege la fremu alikuja, akavua shati, akashika koleo. Hawakuzungumzia lililopita.

Mwezi uliopita binti alipiga simu ya video kutoka Portland usiku, kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Yule bibi anayemlea amefariki. Watoto wake wamepata barua kwamba deni limeiva, wachague kulilipa au kuuza, na wameamua kuuza. Hakuna anayetaka kuishi Maine. Wamekuja kuchukua picha na saa ya ukutani. Walikuwa wanalalamika jikoni, mbele yake, kwamba mama amewaachia kidogo sana. Binti alikuwa analia, kwa bibi na kwa kazi pia.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Kisha akauliza kama bibi alifia hospitali.

Hapana, binti akasema. Nyumbani. Kitandani kwake, dirisha la baharini liko wazi.

"Basi," shangazi akasema, "wasilalamike."